Kifaa cha kuita nguruwe pori usiku: sauti safi, ila kimenifukuzia kundi zima

Hasira hii nimekaa nayo muda sasa. Nazungumzia kile kisanduku cha spika chenye rimoti, cha kuita nguruwe pori usiku. Idadi ya sauti zilizomo na umbali wa rimoti utavikuta kwenye boksi lake. Mimi nina neno na kijiwimbo.

Ukikiwasha, kinapiga muziki wa kukaribisha na taa ya buluu inamwekamweka. Mchana, mezani, huoni ubaya wake. Lakini kikipatwa na baridi ya usiku, hata kama betri umeichaji ikajaa, kinajizima, kinajiwasha chenyewe, na kijiwimbo kinatoka upya kwa sauti ya juu kabisa, hata kama wewe uliiacha chini. Pa kukinyamazishia hapana. Nimetafuta.

Sasa fikiria kazi iliyotangulia usiku ule. Mahindi niliyaloweka kwenye ndoo, nikaacha nafasi juu na kifuniko nikakilegeza, maana yakianza kuchacha hutoa gesi na kifuniko kilichokazwa hufyatuka. Nikayaweka juani mpaka yakanuka uchachu wa kukera pua. Nguruwe macho yake si makali, ila pua yake ni habari nyingine kabisa. Mahindi makavu ukiyamwaga chini, kila mnyama anakula. Yakichacha na ukayafukia kwenye shimo jembamba lenye kina cha mkono, wengi hupita tu. Nguruwe atafukua, na akifukua hutulia hapo muda wa kutosha wewe kulenga. Kamera niliyoitega ilionyesha dume aliyekuja peke yake, kisha majike na watoto wao, karibu saa zilezile kila usiku. Mwenye shamba alikuwa ameshachoka kuona mistari ya mazao yake imelazwa chini, na mimi nilikuwa nimemwahidi. (Kwa anayetaka kuanza: uliza kwanza sheria za ulipo. Kuna mahali chambo, taa za usiku au sauti za mashine ni marufuku.)

Usiku wenyewe upepo ulikuwa unanipiga usoni, ndivyo inavyotakiwa. Kisanduku nilikiweka kando, mbali nami, ili masikio yao yaelekee huko. Nikaanza na sauti ya kundi linalokula, chinichini. Baadaye nikaweka kilio cha mtoto wa nguruwe aliyekamatwa.

Hapo lazima nitende haki. Kile kilio kimerekodiwa vizuri mno. Jike mkubwa alichomoka vichakani mbio, manyoya ya mgongo yamesimama, wenzake nyuma yake. Sikuwahi kuona mashine ikimvuta mama namna ile. Kwa dakika zile nilikipenda kifaa hiki kwa moyo wote, na nilikuwa tayari kumwambia kila mwindaji ninayemjua akanunue.

Jike akasimama, bado amenielekea, nasubiri ageuze ubavu. Kijiwimbo kikalia. Bonde zima likasikia. Nilichoona baada ya hapo ni migongo tu, na vishindo vikiishia porini.

Majike wakubwa ndio wanaoongoza kundi, na wakitishwa mahali hawasahau upesi. Tangu siku ile kamera haionyeshi nguruwe. Mahindi yamelala shimoni bila kuguswa. Kazi yote ya chambo imekwenda na muziki wa sekunde chache.

Nikawapigia walioniuzia. Kijana aliyepokea hata hakuniacha nimalize. “Mzee, mnyama ni mnyama, akikimbia si kosa la kifaa.” Nikamweleza kuhusu kijiwimbo. Akasema huo ndio utambulisho wa bidhaa, akakata simu. Utambulisho! Aliyeuza kitu cha kutumiwa gizani, kimyakimya, anajivunia kwamba kinapiga muziki?

Wapo watakaosema ziba taa kwa utepe mweusi, beba betri ya akiba. Taa nilishaiziba. Kijiwimbo utakiziba na nini? Ukiiziba spika, umeziba na kilio cha mtoto pamoja nacho.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu kwa ajili ya kile kilio. Nilipofika kwenye ile simu zikawa mbili. Sasa naweka moja, na hiyo moja ni ya aliyerekodi sauti, si ya aliyeuza. Kwa sasa nimerudi kwenye filimbi ya mdomo. Inachosha mapafu na kilio chake hakifikii nusu ya kile, ila inanyamaza ninaponyamaza mimi.

Watengenezaji wakikiondoa kijiwimbo, nitakinunua tena kwa pesa yangu, hata kesho. Wasipokiondoa, nataka nilicholipa kirudi, na yule kijana aniombe radhi.