Arboretum ya Nairobi: Kutulia Bila Safari Ndefu

Kwa mkazi wa Nairobi anayetafuta furaha katika utulivu wa kila siku, Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ya kigeni na ambayo haiko mbali na katikati ya jiji, inastahili sifa kuliko hoteli nyingi za mapumziko. Ukiketi chini ya miti asubuhi ya siku ya kazi, simu ikiwa mfukoni, kelele za magari hufifia polepole hadi unasikia majani makavu yakikwaruzana na kima wakirukia matawi, na pumzi hutulia yenyewe. Wikendi waumini husali kwa sauti, jambo jema kwao, ila anayetaka kimya achague Jumanne. Mkate uufiche, kima hawapigi hodi.