Ndege ya Dar es Salaam hadi Mtwara: Huduma Njema, Taarifa Haba

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, safari ya ndege ya takribani saa moja kutoka Dar es Salaam ni nafuu kubwa kuliko barabara ya zaidi ya kilomita 500, na shirika nililosafiri nalo linastahili sifa kwa usafi na kwa wahudumu wenye adabu. Nauli ni ghali, hilo halina ubishi. Tulichelewa kwa sababu rubani alikuwa amefikia ukomo wa saa zake za kazi, na abiria wengi wakanung'unika.

Mimi simlaumu rubani. Nchini Marekani, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 na kuua watu 50, na uchunguzi ukaanika uchovu na mishahara duni ya marubani wa mashirika madogo. Sheria ya mwaka 2010 ilileta sharti la rubani kuwa na uzoefu wa saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa na shirika la ndege za abiria, ingawa wapo wanaoruhusiwa pungufu, na chama cha mashirika hayo kimekuwa kikiwashawishi wabunge walilegeze, kikidai linasababisha uhaba wa marubani; lakini mwaka 2022 baadhi yao yalipandisha malipo ya marubani wasaidizi wanaoanza hadi dola 90 kwa saa, kwa hiyo naamini kikwazo kikubwa kilikuwa malipo.

Alama ninazipunguza kwa dawati la uwanjani, lililokaa kimya huku abiria wa Lindi, ambao wakishuka Mtwara bado wana takribani kilomita 100 za barabara, wakishindwa hata kuwaarifu waliokuja kuwapokea.