Mafunzo ya majeraha madogo: nilichojifunza, na nilichofanyiwa mbele ya darasa

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Kila nikifungua bandeji ya mgonjwa mkononi namkumbuka yule mkufunzi, na moto unaniwaka upya kifuani. Kwa hiyo naandika, ili wauguzi na matabibu wenzangu wanaofikiria kwenda kwenye mafunzo ya juu ya kutibu majeraha madogo wajue ninachokijua. Ratiba, mada na masharti ya kujiunga sivigusi, vyote vimo kwenye tangazo lao.

Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha vidonda miaka mingi. Watu wakisikia "majeraha madogo" wanafikiri ni kazi ya plasta na kusafisha. Anayekaa pale mlangoni anajua kwamba jeraha dogo ndilo linalodanganya. Aliyevunjika paja hata mlinzi wa getini atajua amevunjika. Lakini yule aliyeteleza akajizuia kwa kiganja, mkono umevimba kidogo tu, picha ya eksirei safi, akapewa dawa ya maumivu akaenda zake, huyo ndiye anarudi baada ya miezi kifundo cha mkono hakikunjiki na hawezi kushika hata jembe. Niliwahi kumwona mmoja wa namna hiyo. Alikuwa fundi. Ndiye aliyenifanya nijiandikishe.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Ilikuwa mchana, siku ya pili kama sikosei. Mkufunzi alikuwa anafundisha kifundo cha mkono, na lazima niseme kweli, alikuwa anafundisha vizuri sana. Alieleza mfupa mdogo uitwao skafoidi, ule ulio chini ya kile kishimo kinachojitokeza ukinyoosha kidole gumba. Alisema sehemu kubwa ya damu yake inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea mkono, kwa hiyo ukivunjika katikati, kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa. Akasema picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinauma. Fundi wangu alikuwa mbele ya macho yangu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Daktari, samahani. Wengine tunafanya kazi pasipo na mashine zaidi ya eksirei. Mgonjwa akisikia maumivu kwenye hicho kishimo na picha iko safi, nimfunge nini, na nimwite tena baada ya siku ngapi?"

Akavua miwani. "Dada, wewe ni daktari?"

Nikajibu, "Hapana Daktari, ni muuguzi."

"Basi hilo halikuhusu. Kazi yako ni kufunga unachoambiwa ufunge." Kisha akawageukia wengine kana kwamba sipo: "Hivi hawa nani anawaruhusu kuja kwenye mafunzo ya juu?"

Wawili watatu wakacheka. Akabonyeza, ukurasa unaofuata ukaja ukutani. Swali langu likabaki limening'inia.

Jibu lenyewe halichukui hata dakika mbili. Ukishuku, unamtibu kama aliyevunjika hata kama picha ni safi: unafunga banzi au hogo la kutuliza kifundo, unamweleza kwa nini, unamwita tena baada ya siku 10 hadi 14 umpime na umpige picha nyingine. Hilo tu. Nililipata jioni ile ile kwa kusoma mwenyewe, nikiwa kitandani, macho yamevimba.

Najua mtu atasema, dada, ukali wa walimu wa tiba ni jambo la kawaida, vumilia. Nimevumilia mengi kazini, hata hilo ningelimeza. Lakini tazameni kilichofuata darasani. Tulikuwa zaidi ya ishirini. Asubuhi yake watu walikuwa wanauliza mpaka muda unaisha. Baada ya pale kila alipouliza "Kuna swali?" ukimya ulikuwa kama wa msibani. Siku nzima. Watu wazima, wenye wagonjwa wao, wenye mambo wanayoyatilia shaka, wameinamisha vichwa wanaandika.

Kesho yake wakati wa chai akanijia kijana mmoja, tabibu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole, dada. Mimi nilitaka kuuliza hilo hilo." Nikamwambia kwa nini hukuuliza wewe, mkubwa wa cheo kuliko mimi. Akatazama kikombe chake. "Kwetu picha ikiwa safi nawapa dawa ya maumivu nawaruhusu. Nilikuwa naogopa nikiuliza atajua ninavyofanya."

Nikampa lile jibu nililolisoma usiku, kisha nikamuuliza wako wangapi. Akasema, "Wengi."

Hapo ndipo hasira yangu iligeuka ikawa kitu kingine. Mpaka pale nilikuwa nimeumia kwa ajili yangu. Kuanzia pale nikawa nahesabu wagonjwa. Kama yeye alikuwa na swali hilo akalimeza, wale ishirini wengine walimeza maswali gani?

Kuanzia hapo kila kitu kilinichukiza, na sitaficha. Vile vipande vya ngozi ya bandia vya kujifunzia kushona vilikuwa vimekauka, sindano inapinda kabla haijatoka upande wa pili. Makoleo ya kushikia sindano yalikuwa matatu kwa kundi zima, unasubiri zamu yako kama foleni ya maji. Vitini vilichapwa kwa wino hafifu, picha za eksirei zimekuwa madoa meusi. Labda siku nyingine ningeyasamehe haya yote.

Kulikuwa na mkufunzi mwingine, mama mmoja mpole, yeye namtaja kwa heshima. Alitufundisha ganzi. Akatuambia kabla ya kuchoma sindano yoyote kidoleni, mpime mgonjwa hisia kwanza, pande zote mbili za kidole, kwa sababu ukishachoma umejifungia mlango: hutajua tena kama mshipa wa fahamu ulikatwa na kioo au ni ganzi yako. Akatuhesabisha dozi pale pale. Lidokeini, ile dawa ya ganzi, ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ukiitumia bila adrenalini usivuke miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 basi mwisho wake ni mililita 4 na nusu, na kuna watu humo ndani, nikiwemo mimi, waliokuwa wanakadiria kwa jicho. Alijibu kila swali. Alipotuuliza sisi, alisubiri. Nikimkumbuka huyo natamani kuwaambia nendeni, nendeni hata kesho.

Na ugumu wa kuandika haya unaanzia hapa, kwa sababu siku ya mwisho alirudi yule yule, na somo alilotoa ndilo bora kuliko yote niliyowahi kukaa darasani kuyasikiliza.

Lilikuwa somo la jeraha la ngumi. Akasimama mbele, akakunja ngumi, akachora kwa kalamu mstari mdogo juu ya fundo la kidole cha kati, pale kinapoungana na kiganja. "Hapa limeingia jino," akasema. Kisha akakunjua mkono polepole. "Ngozi imebaki hapa. Kano imevutwa nyuma, na kile kitobo chake kimeondoka nayo." Akaeleza kwamba ndiyo maana ukimtazama mgonjwa aliyekunjua kiganja mezani unaona kidonda kidogo safi na kano nzima kabisa, kumbe mkato na uchafu wa mdomo vimefungiwa ndani, juu ya kiungo. Akatufanya wote tukunje na kukunjua. Nilimchukia mtu yule, na nilisikiliza kila neno.

Hazikupita wiki nyingi, akaja kwangu kijana na kidonda hakizidi punje ya hindi, juu ya fundo la kidole cha kati. Anasema amejikata na bati. Kilikuwa kimetulia hata damu hakitoi. Zamani ningesafisha, ningeangalia chanjo yake ya pepopunda, ningefunga. Nilipokwisha kuosha nikasogeza taa. Nikamwambia, "Kunja ngumi, mdogo wangu. Polepole." Kano ikaja nyeupe, inateleza chini ya kile kitundu kama kamba ndani ya bomba, na kwenye weupe ule ukapita mkato, mwembamba kama wa wembe. Akakunjua, ukapotea. Akakunja, ukarudi. Nikamuuliza taratibu, bila kumlaumu, kama alimpiga mtu mdomoni. Akanyamaza, halafu akaitikia kwa kichwa.

Hatukushona. Tuliosha kwa maji mengi, picha ikapigwa kuangalia mfupa na kama kuna kipande cha jino, daktari akaanzisha antibayotiki, na siku ile ile akapelekwa kwa wapasuaji. Mkono wake unafanya kazi. Alikuja kunionyesha.

Kwa hiyo nifanye nini na mtu aliyenidhalilisha kisha akanipa macho ya kuuona mkono ule? Siku ile nilikuwa nimeamua kusamehe. Hata hapa nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota nne. Kwa maarifa peke yake wanastahili. Hata zile kanuni za Ottawa za kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo cha mguu, zilizotoka Kanada mwaka 1992, nilizozoea kuzisoma ukutani kama mapambo, sasa nazifanya kwa vidole: nabonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya mfupa, sentimita 6 za mwisho, nje na ndani, namwomba mgonjwa akanyage hatua 4. Wengi wanakwenda nyumbani bila eksirei wasiyoihitaji.

Lakini yule kijana tabibu amenipigia simu hivi karibuni. Aliporudi kazini alipekua daftari la wagonjwa, akawatafuta wote walioumia kifundo cha mkono aliowaruhusu kwa picha safi. Wengi wako salama. Mmoja alirudi, kishimo bado kinamuuma akibonyezwa, na picha mpya inaonyesha ufa uliokwisha kuachana. Amempeleka kwa wataalamu wa mifupa. Alikuwa anaongea huku sauti inakatika. Akasema, "Dada, kama usingeuliza, mimi nisingeuliza kamwe."

Nilipokata simu nyota zote nne zilikuwa zimeniponyoka. Yule kijana hakupata jibu darasani alikopaswa kulipata, alilipata kwenye chai, kwa muuguzi aliyetoka kutukanwa. Na fomu za maoni siku ya mwisho zilikusanywa na mkufunzi huyo huyo, akizipitia kwa macho anapozipokea. Niliandika "nzuri". Hilo linaniuma mpaka leo. Baadaye niliwaandikia waandaaji barua ndefu. Wakajibu kwamba mkufunzi ana uzoefu mkubwa. Uzoefu wake sikuuhoji hata kwa neno moja.

Natoa nyota mbili, na zote ni za yule mama wa ganzi na za ile ngumi. Mkienda, kaeni mbele, na mkiulizwa ninyi ni nani, jibuni halafu rudieni swali. Siku wakiniandikia kwamba yule bwana sasa anajibu maswali ya wauguzi, nitarudi hapa kubadilisha.