Stata ya VX, nimetengenezewa gereji moja ya Gerezani, Dar: ufundi upo, muda hakuna

Wenye Land Cruiser VX 100 ya petroli, ile injini 2UZ ya lita 4.7, mnajua stata yake (mota ya kuwashia injini) ilivyofichwa, ipo katikati ya V ya silinda, chini ya manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), huioni kwa juu wala ukilala chini ya gari. Yangu ilikuwa inagonga tak, kimya, betri nzima kabisa, urudie rudie funguo ndo iwake. Fundi wa mtaani akataka ninunue stata nzima bila hata kupima.

Hii gereji walipima umeme kwanza, wakaona unafika hadi kwenye stata, ndo wakavua manifoldi. Kilichonifurahisha, ilipotoka tu fundi akaziba matundu yote ya hewa kwa matambara masafi, maana nati ikidumbukia mle umekwisha. Halafu chini kulikuwa na kiota cha panya jamani, na maganda ya karanga! Kufungua stata, kopa za ndani (vipande vya shaba vya kupitishia umeme) zimelika upande mmoja hadi planja, kile chuma kinachoziunganisha, haizigusi vizuri, kwahiyo wakabadilisha kopa na planja tu, stata yangu ile ile ya Denso ikarudi. Gasketi za manifoldi wakaweka mpya, sio wale wanaopaka silikoni afu baadae inavuta hewa, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inacheza.

Shida yao muda, unaambiwa jioni unakuja kupewa keshokutwa na simu hawapokei. Bei sio ya kitonga, ila spea za zamani wanakukabidhi mkononi bila kuomba.