Unguja kwa gari, usiku tatu: ulale wapi?

Ukisimama Michamvi Kae jua likizama, unaiona Chwaka ng'ambo ya ghuba, utadhani ukiita mtu ataitika. Lakini ni mashua tu inayovuka. Gari lako lazima lirudi Paje, lipite msitu wa Jozani, lielekee upande wa mjini, ndipo likamate barabara ya Chwaka. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulijua kabla hujalipia chumba hata kimoja. Barabara kubwa za Unguja zimetawanyika kutoka mjini kama vidole, na kutoka kidole kimoja kwenda kingine mara nyingi unapitia kiganjani. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 85, lakini anayepanga kukizunguka na kulala kila usiku ufukwe mwingine atamaliza likizo yake kwenye usukani.

Kwa hiyo nimepanga sehemu hizi nikimfikiria mtu mmoja: ana gari la kukodi, siku nne, usiku tatu, na anataka kukiona kisiwa kuliko kukaa kando ya bwawa la hoteli. Mtu huyo nafasi yake ni ya kambi mbili. Tatu ni kujitesa, maana kila kuhama kunakula asubuhi nzima: kufunga mizigo, kusubiri bili, kufika kule unaambiwa chumba bado kinafanyiwa usafi.

Kabla ya bei, tazama mwezi

Picha za hoteli zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Jambiani, bahari ya ndani ya mwamba ina kina kifupi, na maji yakipwa yanaondoka hasa: unatembea robo saa hujalowesha magoti. Siku za bamvua, karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa kwenye saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mvuvi yeyote atakuambia hivyo bila kutazama simu.

Tafsiri yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Ukienda mashariki siku za bamvua, asubuhi ni ya kutembea na kutalii kwa gari, kuogelea ni alasiri. Ukienda siku za maji mafu, unaweza kuogelea kabla ya chai. Kama unasafiri na watoto ambao hawatakuelewa ukiwaambia bahari imeenda na itarudi saa kumi, nenda kaskazini, Kendwa au Nungwi, ambako maji hayakimbii hivyo.

Upepo nao una neno lake. Kusi, kwenye Juni mpaka Septemba, huipiga pwani ya kusini mashariki sawasawa. Wanaocheza na tiara za kuteleza majini huko Paje wanaushangilia, lakini anayetaka kusoma kitabu ufukweni atakula mchanga. Kendwa imetazama magharibi, haisumbuki sana.

Namba moja: Jambiani, usiku mbili

Najua wengi wangetaja Paje. Paje iko kilomita chache tu juu yake, ina migahawa mingi na muziki, na kwa kijana asiyelala ni sawa kabisa. Mimi nalala. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojipanga sambamba na bahari, gesti na hoteli ndogo zimechanganyika na nyumba za watu, na kutoka hapo kila kitu cha kusini kiko ndani ya saa moja kwa gari: Makunduchi, Kizimkazi, Jozani, Paje, mpaka ncha ya Michamvi. Barabara ya lami imepita. Ni mita chache za mwisho tu, kutoka lami kwenda ufukweni, ndizo zenye mawe ya matumbawe yanayochungulia ardhini, na hapo gari dogo lipeleke kama umebeba mayai.

Usikose kuamka mapema siku ya bamvua. Maji yakishaondoka utaona kinamama wanashuka na mafungu ya kamba na vijiti, wanainama kwenye madimbwi kufunga mwani, kitawi kimoja kimoja kwenye kamba iliyokazwa kati ya vijiti viwili. Wengine wanarudi na magunia yanayochuruzika, wanayamwaga juani mbele ya nyumba, na kijiji kizima kinanuka bahari iliyochacha. Salimia kwanza, usianze na kamera. Hili linaonekana dogo ila ndilo linaloamua kama mtu atakusimulia kazi yake au atakupa mgongo.

Kasoro ya Jambiani ni maji ya bombani. Visima vya pwani hii mara nyingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele zinakakamaa kama kamba ya nazi. Hoteli zinazoleta maji matamu kwa gari zipo. Uliza.

Namba mbili: Mji Mkongwe, usiku wa mwisho

Usiku wa mwisho, nasisitiza. Watu wengi hushuka botini au uwanja wa ndege, wakalala mjini usiku wa kwanza wakiwa na gari ambalo wanalilipia na haliwezi kusogea. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, vilijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Mimi niliwahi kupewa ahadi ya maegesho na hoteli moja ya mle ndani. Nilipofika, mlinzi akaniangalia kwa huruma. "Dada, gari hapa haliingii. Liache kule barabarani, nitakutafutia kijana wa kukubebea." Maegesho yenyewe yalikuwa mwendo wa dakika nane, kona kama kumi na moja, na begi langu lilikuwa la magurudumu. Magurudumu mawili yalibaki huko huko.

Mpango mzuri: siku ya tatu rudisha gari mchana, kisha ingia mjini kwa miguu na begi la mkononi. Jioni shuka Forodhani kula urojo na mishkaki, asubuhi tembea kabla jua halijakaza, halafu boti yako ya Dar iko pua na mdomo. Chagua chumba cha ghorofa za juu, maana chini kuna joto na mbu. Ila uulize ngazi zikoje: kwenye nyumba za zamani ni mwinuko mkali kama ngazi za kupandia mnazi, na mzee mwenye magoti mabovu asipelekwe ghorofa ya tatu kwa sababu ya mandhari.

Namba tatu: Kendwa

Kendwa na Nungwi ni majirani, unaweza kutembea kwa miguu ufukweni kutoka moja mpaka nyingine maji yakiruhusu. Naweka Kendwa mbele kwa machweo na kwa nafasi ya ufukwe. Nungwi ni kijiji kikubwa chenye mafundi wa majahazi, panafaa kutembelewa mchana mmoja. Kutoka mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari, na hapo ndipo tatizo lilipo: ukishafika kaskazini kabisa, gari lako halina tena pa kwenda. Ukikaa Kendwa usiku zote tatu huna haja ya kukodi gari. Lipia teksi ya kukupeleka na kukurudisha, utaokoa pesa. Angalia pia kalenda kwa sababu nyingine: mwezi mpevu kuna disko kubwa la ufukweni, na ukuta wa chumba chako hautakusaidia.

Michamvi, Matemwe na wengineo

Michamvi ingeshika nafasi ya tatu kama ingekuwa na migahawa mingi zaidi. Upande wa Kae una kitu adimu pwani ya mashariki: jua linazama baharini mbele yako. Kwa wawili waliooana juzi, ipandisheni wenyewe mpaka juu. Mgahawa ule maarufu uliokaa juu ya jiwe uko hapo jirani, Pingwe. Maji yakipwa unauendea kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua.

Matemwe ni tulivu, kisiwa cha Mnemba kiko mbele yake, na anayezamia kuona samaki ataona aibu kulala kwingine. Kwa wa barabarani, ni mbali na kila kitu kingine.

Kiwengwa kuna hoteli kubwa za kulipia kula na kunywa humo humo. Hazina ubaya. Ila kulipia chakula cha mchana ambacho utakuwa Kizimkazi kinapopakuliwa, sioni hesabu yake.

Kizimkazi yenyewe nenda, usilale. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na pomboo huonekana asubuhi. Kutoka Jambiani ukiondoka alfajiri unawahi. Mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huko Makunduchi, na wiki hiyo vyumba vya kusini viwahi mapema.

Piga simu kabla ya kulipa

Mtandaoni kila chumba kina AC na intaneti. Simu ndiyo inayotoa ukweli. Uliza kama jenereta inaendesha AC au inawasha taa tu. Kisiwa kinapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wenyeji hawajasahau kipindi cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu gizani. Siku hizi hali ni bora zaidi kwa waya mpya, lakini umeme kukatika usiku mmoja bado ni jambo la kawaida.

Uliza bei ya mkaazi. Hoteli nyingi zina bei ya wageni na bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, na ya pili haitajwi usipoitaja wewe, beba kitambulisho. Uliza kama bei imejumuisha ada ya miundombinu inayotozwa kwa mtu kwa usiku, maana huwa inaibukia kwenye mapokezi siku ya kuondoka. Aprili na Mei, masika ikikolea, bei hushuka na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Ramadhani migahawa mingi ya mtaani hufungwa mchana, hivyo chukua malazi yenye jiko lake.

Mgeni mwenye leseni ya nje anahitaji kibali cha Zanzibar cha kuendesha. Anayekukodisha gari ndiye hukishughulikia, na utakionyesha, kwa sababu askari wa barabarani wapo wengi. Pangilia uwe umefika unakolala kabla ya magharibi. Baiskeli hazina taa, ng'ombe hawana haraka, na pale Jozani kima punju huvuka barabara kwa makundi. Yale matuta yamewekwa kwa ajili yao. Ukiwaona, simama uwapishe.