Pikipiki ya lita moja kwenye jamu ya Kampala: uzoefu wangu wa joto, uimara na waranti

Waendesha boda wa Wandegeya wakiiona huuliza mambo mawili tu: inakimbia ngapi, na inakula mafuta kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama inaunguza mapaja, na hapo ndipo ningekuwa na mengi ya kumwambia.

Ni pikipiki ya mbio ya Kijapani, silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, cc elfu moja kasoro kidogo. Chapa siitaji, kwa sababu mengi nitakayoyalalamikia yamo karibu kwenye kila mashine ya ukoo huu. Aliyeniuzia naye simtaji. Niliinunua ikiwa imetumika, ilishushwa Mombasa ikapandishwa Kampala kwa lori. Siku za wiki naenda nayo kazini, Jumapili natoka nayo nje ya mji.

Joto kwanza. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake si ya kulalamikia. Sisi tuliolelewa Malaba tunajua jua kali likoje. Shida iko kwenye mashine yenyewe. Gia ya kwanza ya pikipiki hizi ni ndefu mno: ukiivuta hadi mwisho unapita kilomita 150 kwa saa. Sasa itie Jinja Road saa kumi na moja jioni, kutoka Kitgum House hadi Nakawa, unapotambaa polepole kuliko anayeuza maji kwa miguu. Klachi huiachii kabisa hata mara moja. Rejeta haipati upepo. Injini iliyoundwa kutoa nguvu za farasi karibu 200 inabaki kujipika, feni inawaka, na hewa yote ya moto inayotoka kwenye rejeta inakuangukia magotini. Fremu ni ya aluminiamu, inapitisha joto upesi. Yenyewe imeikumbatia injini, na wewe umeikumbatia fremu kwa mapaja. Chini kabisa kuna katalisti ya kusafisha moshi, ambayo haifanyi kazi mpaka iwe na moto mkali. Suruali ya jinzi haikingi kitu. Nilinunua ya ngozi, nikagundua kwamba ngozi inachelewesha joto tu, kisha inalitunza.

Dashibodi yangu huonyesha nyuzi 103, 104, siku mbaya 106. Mgeni hushtuka, maana shuleni tuliambiwa maji huchemka kwa 100, na kwa mwinuko wa Kampala huchemka hata mapema zaidi, kwenye 96 hivi. Lakini mfumo umefungwa. Kofia ya rejeta inashikilia presha, na presha hiyo pamoja na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) hupandisha kiwango cha kuchemka kupita 120. Kwa hiyo 105 ndani ya foleni ni jambo la kawaida. Kinachonitisha ni namba inayoendelea kupanda huku feni inazunguka. Hapo nazima na kuisukuma hadi kivulini, boda wakinicheka.

Sehemu ya joto langu haikutoka kiwandani, ilitokana na uvivu wa mtu. Mashine ilikuja imejazwa maji ya bomba. Maji ya bomba yana madini yanayoganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na hayana kinga dhidi ya kutu. Fundi wangu ni mzee wa Kinubi kutoka Bombo, tunaelewana kwa Kiswahili. Aliyamwaga yote, akasafisha, akajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini. (Maji hayo huuzwa kama "maji ya betri", lakini wauzaji wengine wakisikia hivyo wanakupa asidi. Soma kibandiko.) "Mwanangu," aliniambia, "hii si Boxer ya boda. Boxer inapozwa na upepo na subira." Baada ya kazi yake namba zilishuka nyuzi kadhaa, si nyingi, lakini feni sasa inapata nafasi ya kupumzika.

Waitaliano wamelitafutia jambo hili dawa: Ducati Panigale V4 ikisimama injini ikiwa na moto, inazima silinda mbili za nyuma, zile zilizo karibu na mapaja. Yangu haina hila hiyo. Nikiona taa nyekundu ndefu, nazima kwa swichi.

Barabara ikifunguka ni hadithi nyingine. Kwenye Entebbe Expressway bodaboda hazipiti, lakini mashine kubwa inaingia na kulipia. Ukishaiacha Busega, dakika chache joto linarudi kwenye themanini na kitu, na unasahau matusi yote uliyoyatoa Kibuye. Kikomo cha mwendo pale ni 100, ambacho kwa mashine hii hakimalizi hata gia ya kwanza. Kama unanunua kwa ajili ya kasi, jiulize utaitumia wapi.

Uimara. Injini yenyewe haijanidai kitu zaidi ya oili na plagi, na sishangai. Yamaha kwa mfano inataka valvu za R1 zikaguliwe kila kilomita 42,000, na mtu anayetumia pikipiki kama mimi anaweza kuiuza kabla hajafika huko. Ducati Panigale V4 ni kilomita 24,000, na kazi yake haifanywi na fundi wa kando ya barabara. Kinachokufa ni vitu vilivyo pembeni ya injini, na kinachoviua ni lile lile joto.

Kwangu ilikuwa umeme wa chaji. Tulikuwa tunaelekea Masaka, tumeshapita mstari wa Ikweta pale Kayabwe, dashibodi ikaanza kufifia. Kufika Lukaya injini ikakohoa na kunyamaza. Tulirudi nayo juu ya pikapu, katikati ya magunia ya ndizi. Jenereta za pikipiki nyingi za aina hii huzalisha umeme kwa nguvu zote muda wote, na rektifaya, kifaa kinachourekebisha umeme huo uifae betri, ikiwa ya mtindo wa zamani hugeuza ziada yote kuwa joto. Ukiifungia nyuma ya plastiki mahali pasipo na upepo, kisha ukaipitisha Kampala kila jioni, inajichoma yenyewe, na mara nyingine inaondoka na koili ya jenereta.

Kipimo ni rahisi, mfanye kabla hamjalipa pesa ya mtu. Wekeni mita kwenye betri, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Volti ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13, chaji haiingii. Zikipita 15, betri inapikwa. Kisha chomoeni plagi ya nyaya tatu zinazotoka kwenye jenereta, mara nyingi ni za njano. Hakuna hata mmoja unaotakiwa kuwa na mguso na bodi. Wangu mmoja ulikuwa nao, na tulipofungua kifuniko koili ilikuwa nyeusi tii upande mmoja.

Hapo ndipo nilipoijua waranti yangu. Muuzaji alikuwa ameandika kwa mkono kwenye risiti: miezi mitatu, injini na gia. Muda ulikuwa haujaisha. "Bosi, umeme haumo," akaniambia. Nikamwuliza koili iko wapi kama si ndani ya injini, inaoga kwenye oili ile ile. Akasema nimwachie siku mbili. Siku mbili zikawa wiki. Nikamkumbusha kwa upole kwamba mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, na kwamba mwandiko wa kwenye risiti ni wake. Alilipia koili. Rektifaya nikanunua mwenyewe. Sioni kama nilishinda, lakini bila ile risiti nisingepata hata bolti.

Waranti ya kiwanda msiitegemee kwa mashine iliyotumika. Ulaya pikipiki mpya ya Kijapani hupewa kwa kawaida miaka miwili, inayohesabiwa tangu ilipouzwa mara ya kwanza, na hata ikiwa hai, cheni, pedi za breki na matairi hayamo. Ukiipeleka kwenye mashindano unaipoteza. Cha maana zaidi ni namba ya fremu. Itumieni kukagua kama mashine iliwahi kuitwa kiwandani kwa hitilafu na kama ilirekebishwa. Mwaka 2013 Suzuki iliita GSX-R zake, kuanzia zile za 2004, kwa sababu ya pampu ya breki ya mbele. Mashine za umri huo bado zinauzwa, na muuzaji hatakwambia.

Oili: 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze. Petroli natia V-Power ya Shell. Injini hizi zinabana sana, hazipendi mafuta dhaifu.

Nampa nani ushauri wa kununua? Anayekaa Entebbe au Mukono na ana njia ya wazi, nunua. Anayeishi Ntinda na kufanya kazi mjini katikati, tafuta ya silinda mbili ya cc 650. Itakufikisha mapema zaidi na ngozi ikiwa nzima. Mimi yangu siiuzi kwa sasa. Rektifaya mpya ni ya MOSFET, aina isiyopata moto sana kama ile ya zamani, Shindengen FH020AA, niliyoagiza kupitia Nairobi baada ya kukataa mbili za bandia hapa. Mzee wa Bombo aliifunga upande wa mkia, nje ya plastiki, penye upepo, na mita tangu hapo inasoma 14 na ushei.