Lichess kwa Anayejifunza Fried Liver: Inapofaa na Inapopotosha

Kwa mchezaji wa chesi anayependa kushambulia mapema, kichunguzi cha ufunguzi cha Lichess, tovuti ya chesi, yaani sehemu inayoonyesha takwimu za hatua za mwanzo wa mchezo, kinashinda video nyingi, mradi ajue kukisoma. Ni bure na hakina matangazo.

Kipimo kizuri ni Fried Liver, shambulio la mweupe dhidi ya mraba wa f7 (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Farasi na askofu wanaikodolea macho f7, inayolindwa na mfalme peke yake. Mweusi akicheza 4...d5 5.exd5 Nxd5, mweupe humtoa farasi kafara: 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+. Mfalme akitaka kumwokoa farasi wa d5 lazima apande e6, na 8.Nc3 inaleta mshambuliaji wa tatu.

Ukiangalia michezo ya viwango vyote, mweupe ataonekana hazuiliki. Takwimu hizo zinapotosha, maana zimejaa watu wanaomla askari wa d5 bila kufikiri. Chuja: ondoa michezo ya bullet, ile ya dakika chache mno, bakiza kiwango chako na ngazi moja juu yake. Kisha hamia hifadhidata ya mabingwa, ambako jibu kuu ni 5...Na5. Baada ya 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 mweupe ana askari mmoja zaidi, lakini mweusi anaingiza vipande vyake mchezoni haraka na h6 inamfukuza farasi. Muda wako mwingi uutumie hapa, kwa sababu mpinzani aliyejiandaa atakuleta hapa.

Injini ya Stockfish, programu inayokokotoa hatua bora, iwekee mistari 3, si 1. Ndipo utaona kwamba 6.d4 nayo ni silaha kali dhidi ya 5...Nxd5. Kwenye Traxler, shambulio la kujibu la mweusi kwa 4...Bc5, tahadhari: 5.Nxf7 Bxf2+ ni vurugu ambayo kosa dogo humwangamiza mweupe, hata injini ikisema yuko salama. Afadhali 5.Bxf7+ Ke7 6.Bb3.

Sehemu ya kuandaa masomo ni nzuri mno: sura hadi 64, kila jibu la mweusi lipewe yake, na hali ya somo shirikishi huficha hatua inayofuata mpaka uitafute mwenyewe. Upungufu ni kwamba haikupangii siku ya kurudia mstari unaoanza kuusahau; ratiba hiyo utaiweka mwenyewe.

Kabla ya mechi ya mashindano, fungua kichupo cha mchezaji kwenye kichunguzi, andika jina la akaunti ya mpinzani, chagua rangi nyeusi, utazame anachojibu baada ya 4.Ng5. Kama hucheza 5...Na5 kila mara, usipoteze jioni yako kwenye Nxf7.